Mafuta ya Eyasi yakitoka, nani atabomolewa?

 

Ndugu zangu Waislamu, sisi tunaoishi mijini tumezoea kusikia habari za gesi na mafuta kama habari za bei. Umeme utashuka au hautashuka, petroli imepanda au imebaki pale pale. Hatuulizi mali ile imetoka chini ya miguu ya nani, wala fedha zake zikishafika mjini zinajenga nini na zinabomoa nini. Leo naomba tuliulize hilo, tena tuliulize mapema, kabla tingatinga halijawashwa.

Wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, inapakana na Ziwa Eyasi upande wa kaskazini magharibi. Bonde la ziwa hilo linaendelea kusini mpaka mbuga za Wembere, na kwa miaka kadhaa sasa Shirika la Maendeleo ya Petroli nchini, TPDC, limekuwa likilipekua. Wameruka na ndege kupima, wamechoronga visima vifupi vya uchunguzi, wamepiga mitetemo ardhini ili kuona matabaka ya miamba. Hayo ni ya utafiti. Kutoka utafiti mpaka kuuza pipa la kwanza ni safari ndefu, na wako wengi duniani waliochimba wakakuta maji ya chumvi. Lakini mazungumzo ya namna ya kuzitumia fedha yameshatangulia mafuta yenyewe, kama kawaida yetu binadamu.

Nilikuwa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, kwa darsa ya siku mbili. Baada ya Isha kijana mmoja, mfanyabiashara na mtu wa msikitini, akaniuliza: "Sheikh, mafuta ya Eyasi yakipatikana, halmashauri zetu zikapata chao, si zingeanza kwa kuvunja hivi vijumba vya ovyo ovyo ili miji yetu ipangwe? Nimesikia Marekani wanafanya hivyo. Kuna ubaya gani kisheria?"

Ni swali la mtu mwenye akili, na halistahili kujibiwa kwa kukunja uso. Nilimjibu kwa ufupi usiku ule. Jibu refu ni hili.

Alichokisikia kuhusu Marekani ni kweli. Upo mji unaitwa Youngstown, katika jimbo la Ohio. Ulikuwa mji wa viwanda vya chuma, na mwaka 1930 ulikuwa na watu wapatao 170,000. Septemba 1977 kiwanda kikubwa kikafungwa na watu wapatao 5,000 wakapoteza kazi kwa mkupuo, na vingine vikafuata. Watu wakahama. Hesabu ya mwaka 2010 iliwakuta chini ya 67,000. Fikiria mji uliojengwa kwa watu 170,000 unabaki na theluthi moja tu ya watu hao na kidogo zaidi! Mitaa mizima ikawa na nyumba zilizohamwa, madirisha yamevunjwa, wahuni wamejificha ndani. Mwaka 2012 baraza la mji likaridhia kutafuta wa kukodishwa haki za mafuta na gesi zilizo chini ya ardhi ya mji, ili fedha hizo zivunje magofu. Wakazi wengine wakapinga, maana mkesha wa mwaka mpya wa 2012 mji huo ulikuwa umetikiswa na tetemeko ambalo wataalamu walilihusisha na kisima cha kusukumia chini ya ardhi maji machafu ya uchimbaji.

Sasa angalia tofauti. Youngstown walitaka kuvunja nyumba zilizokimbiwa na wenyewe. Vijumba alivyonionyesha kijana wangu pale Katesh vina moshi wa jioni unaotoka jikoni. Vina watoto. Hapo hukumu inabadilika, na ndipo wengi wanapoteleza, maana wanaiga kitendo na kuacha sababu yake.

Tuanze na mali yenyewe. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, amewafanya watu kuwa washirika katika mambo matatu: maji, malisho na moto. Wanazuoni wengi wa zama zetu wanayaweka mafuta na gesi katika fungu hilo. Ipo pia habari ya Abyad bin Hammal (r.a.), ambaye aliomba apewe chumvi ya Ma'rib kule Yemen, Mtume (s.a.w.) akampa. Kisha akaelezwa kwamba ile chumvi ni kama maji yasiyokatika, mtu huchota tu. Akairudisha isiwe ya mtu mmoja. Tafakari, ndugu msomaji. Huo ulikuwa mkataba uliokwisha kutolewa na kiongozi bora wa viumbe, na ulirejewa pale ilipojulikana ukubwa wa mali na haki ya umma ndani yake. Na leo tunaambiwa mikataba ya vitalu haiguswi!

Wamalik wanasema madini yako chini ya usimamizi wa kiongozi kwa maslahi ya wote, hata yakiwa ndani ya shamba la mtu. Wapo wengine waliotazama hadithi ya mwenye kunyang'anya shibiri ya ardhi, kwamba atavikwa shingoni kutoka ardhi saba, wakatoa humo kwamba mwenye uso wa ardhi ana haki mpaka chini yake, na hapana ruhusa ya kuchimba handaki chini ya nyumba yake bila ridhaa. Sitaki kumaliza hapa mjadala ambao mafakihi hawakuumaliza. Sheria ya nchi yetu, Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, imeiweka petroli mikononi mwa taifa. Na tuseme hivyo hivyo: ni ya wote. Lakini ikiwa ni ya wote, basi mwenye kijumba naye ni mshirika. Kumvunjia mtu nyumba kwa fedha ambazo yeye mwenyewe ana fungu ndani yake, kisha akaachwa nje na watoto, ni kumnunulia fimbo kwa pesa zake.

Je, kubomoa ni haramu? La hasha. Msikiti wa madhara, ule uliotajwa katika Suratut Tawba kuanzia aya ya 107, ulibomolewa kwa amri ya Mtume (s.a.w.), nao uliitwa msikiti. Jengo likiwa ni chanzo cha madhara huondolewa. Hata kiwanja cha msikiti wake pale Madina, Bukhari anatueleza, kilikuwa na makaburi ya washirikina, magofu na mitende. Makaburi yakafukuliwa, magofu yakasawazishwa, mitende ikakatwa. Lakini kabla ya hapo? Kiwanja kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Wakakitoa bure. Mtume (s.a.w.) akakataa kukipokea bure mpaka akakinunua. Jembe lilikuja baada ya malipo.

Na kisa kinachofanana zaidi na swali letu ni cha Sayyidna Umar (r.a.), kwa sababu ndani yake kuna hazina ya umma, kuna nyumba ya mtu na kuna mpango wa mji. Watu walikuwa wengi Madina, msikiti ukawa mdogo, na nyumba ya Abbas (r.a.), ammi yake Mtume, ilikuwa ubavuni. Kwa mujibu wa mapokezi ya Ibn Saad, Umar alimpa hiari tatu: auze kwa bei anayoitaka kutoka Baitul Mali, au achague kiwanja mahali pengine Madina ajengewe kwa fedha za Baitul Mali, au aitoe sadaka kwa Waislamu. Abbas akakataa zote tatu. Umar, ambaye Fursi na Roma zilimtetemekea, hakutuma mtu kuchora alama ya X ukutani. Wakaenda kwa mwamuzi, Ubayy bin Kaab (r.a.), na Ubayy akamhukumia Abbas. Kiongozi wa dola akashindwa kesi ya nyumba moja. Baada ya hukumu ndipo Abbas akaitoa mwenyewe kwa ajili ya Allah, na hata hivyo Umar akamjengea nyingine kutoka hazina.

Sasa rudini Hanang, maana wilaya hiyo ina historia yake na sisi watu wa mjini tumo ndani ya historia hiyo bila kujua.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea, Serikali kupitia NAFCO na kwa msaada wa Canada ilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu. Yalifika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Waret na Gawal. Jumla yake ni takriban ekari 100,000. Hizo zilikuwa ndizo nyanda nzuri za malisho za Wabarbaig, ambao walikuwa wakihama nazo kwa misimu. Watafiti walioishi nao wameandika jinsi maboma yalivyochomwa na jinsi trekta zilivyolima juu ya makaburi ya wazee wao, yale wanayoyaita bung'eda, ambayo kwao ni mahali pa heshima na dua kwa vizazi.

Walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki watu wa Mulbadaw. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Miongoni mwa sababu ilikuwa kwamba hakukuwa na ushahidi wa kutosha kuthibitisha kuwa wale walalamikaji ni "wenyeji" kwa tafsiri ya sheria ya ardhi tuliyoirithi kwa Mwingereza. Mbarbaig, Basotu, hakuthibitisha kuwa ni mwenyeji! Mwaka 1987 ikatoka amri ya Serikali ya kufuta haki za kimila katika ardhi hizo. Baadaye msaada wa Canada ukakoma, NAFCO ikafa, na baadhi ya mashamba yakarudishwa kwa wanavijiji na mengine yakaenda kwa wawekezaji.

Ngano ile ilikuwa ya nani? Mbarbaig chakula chake ni maziwa, nyama na ugali. Mkate ni wa Dar es Salaam, ni wa Tanga, ni wa Arusha mjini. Ni wa chai ya asubuhi ya Kariakoo. Sisemi kwamba kila aliyekula mkate ule ana dhambi, maana hakujua. Nasema kwamba boma lilichomwa Basotu ili bei ya mkate itulie mjini, na hatukusikia khutba hata moja.

Na hapa nawaomba msinijibu kwamba Wabarbaig wengi si Waislamu. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) amejitangaza kuwa yeye mwenyewe atakuwa mgomvi, Siku ya Kiyama, wa yule atakayemdhulumu asiye Muislamu anayeishi nasi kwa ahadi ya amani, au kumpunguzia haki yake. Nani katika sisi anataka kusimama mbele ya Allah na mgomvi wake ni Mtume?

Ajabu ni kwamba tulipofikiwa sisi, tulilia. Gesi ya Songo Songo, Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na mwaka 2004 ikaanza kuletwa kwa bomba mpaka Ubungo kuzalisha umeme. Kutoka Ubungo ukifuata barabara ya Morogoro kilomita chache unafika Kimara. Mwaka 2017, kuanzia hapo mpaka Kiluvya, nyumba zaidi ya elfu moja ziliangushwa kupisha upanuzi wa barabara, na misikiti na makanisa ikaangushwa pamoja nazo. Serikali ilisema ni hifadhi ya barabara, mita 121 na ushei kila upande, na aliyevamia hana fidia. Wenye nyumba walisema wako pale miaka na miaka, wana umeme wa TANESCO na risiti za kodi ya majengo. Sisemi kwamba fedha za gesi ndizo zilizonunua dizeli ya tingatinga lile. Nasema mvuvi wa Songo Songo na mjane wa Kimara wote wawili waliambiwa neno moja: maendeleo ni ya wote. Na watu wa Mtwara walipouliza mwaka 2013 kuhusu bomba la gesi yao, yaliyotokea tunayakumbuka, na waliokufa wamekufa.

Hata hivyo, nisije nikaeleweka kwamba kila nyumba lazima isimame mahali ilipo. Desemba 3, mwaka 2023, Mlima Hanang ulimeguka baada ya mvua kubwa, tope na mawe na magogo yakashuka mpaka Katesh na vijiji vya jirani. Waliofariki walifikia 89. Allah awarehemu na awape subira waliobaki. Aliyeiona njia ya tope lile hawezi kusema mtu aachwe ajenge tena juu yake. Hapo kuvunja na kuhamisha ni wajibu, kwa kuwa kulinda nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria, na halmashauri ikipata fedha ya mafuta, ya kitunguu au ya ng'ombe mnadani, itumike hiyo. Waathirika walijengewa nyumba zaidi ya 100, wakakabidhiwa mwishoni mwa mwaka 2024, katika eneo la Waret. Umelisikia jina hilo? Ni lile lile la shamba mojawapo katika yale saba. Serikali na wafadhili walistahiki shukrani kwa kazi ile, na mimi nashukuru. Lakini imeonekana kumbe inawezekana: nyumba kwanza, mtu ahamie, ndipo eneo la hatari lifungwe.

Wala hatuombi kitu kipya. Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 zinataka mtu alipwe thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, ya usafiri, faida itakayopotea, na posho ya makazi ambayo ni kodi ya nyumba kwa miezi 36. Ikichelewa zaidi ya miezi sita, inaongezwa riba. (Hiyo riba mimi kama Muislamu ningeiita jina lingine na kuipa utaratibu mwingine, lakini ujumbe wa sheria umeeleweka: usimcheleweshe.) Sheria ipo. Tatizo ni kwamba fidia hutafutiwa fungu baada ya tingatinga kupata fungu lake, na mtu wa kijiji hana hati ya kuonyesha, kama Mbarbaig wa mwaka 1985.

Na wapo wanaosema watu wa porini hawawezi kusimamia fedha, bora zije mjini. Nawapeleka Mbulu hiyo hiyo, bonde la Yaeda, vijiji vya Domanga na Mongo wa Mono wanakoishi Wahadzabe. Huko kwa zaidi ya miaka kumi vijiji vimekuwa vikipokea fedha za hewa ukaa kwa kulinda misitu yao. Wamelipa walinzi wa msitu kutoka kwao, wamelipia matibabu na masomo. Wamepata kwa kutokata mti. Hawakubomolewa kitu. Waulizwe wao namna fedha ya ardhi inavyogawiwa.

Kwa hiyo kijana wangu wa Katesh, na wote wenye fikra kama yake, nawaachieni kazi. Nyie ni wenyeji, ni wapiga kura, na baadhi yenu ni wajumbe wa serikali za vijiji na mitaa. Kabla kisima hakijatoa kitu, itakeni halmashauri iandike mambo haya katika sheria ndogo: kwamba ushuru wowote wa huduma utakaotokana na mafuta hautalipia kuvunja nyumba yenye mtu mpaka mtu huyo awe amelipwa na ana ufunguo wa mahali pengine mkononi, kwamba magofu na nyumba zilizo njiani mwa mafuriko ndizo zitangulie, na kwamba liwepo daftari la kila kaya, kila kisima cha maji, kila njia ya mifugo na kila kaburi katika vijiji vinavyolizunguka ziwa, lenye saini ya mwenyewe au dole gumba lake, nakala moja ibaki kwake. Sayyidna Umar aliposhauriwa kuigawa ardhi ya Iraq kwa wapiganaji, alikataa akitoa hoja katika Suratul Hashr, kwamba wapo watakaokuja baadaye nao wana fungu. Daftari hilo ni la hao.

Maimamu wa Babati, Mbulu, Katesh na Haydom msisubiri kualikwa. Mabaraza ya madiwani hukutana kila baada ya miezi mitatu, na kikao cha baraza ni cha wazi, mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Nendeni mkiwa wengi, pamoja na majirani zetu Wairaqw na Wabarbaig, na kabla ya kikao mpeni diwani wenu maswali haya kwa maandishi, mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.